Injini Iliyokuwa Ikipiga Teke

Mimi kazi yangu ni kufunga hogo. Mtu akivunjika mkono au mguu akaletwa hospitalini kwetu hapa mjini Geita, daktari huangalia picha, huuvuta mfupa ukakaa mahali pake, kisha humkabidhi kwangu. Mimi nalowesha bendeji za plasta kwenye beseni, nazungusha, nalainisha kwa viganja, halafu tunasubiri ikauke. Katika kusubiri huko ndiko ninakopata habari za watu. Nimeambiwa mengi na watu wenye plasta mbichi, maana hawana pa kwenda.

Wengi wanaokuja kwangu ni wa pikipiki. Wanaofuata ni wa mashimoni: aliyeangukiwa na jiwe, aliyeteleza kwenye ngazi za kushukia shimo la duara, aliyebanwa vidole na winchi. Baada ya miaka kadhaa ya kazi nikawa nikiona jeraha tu najua limetokea wapi, na kwa kweli udadisi wangu ulikuwa umeanza kulala. Ndipo akaja kijana mmoja wa miaka thelathini hivi, mkono wa kulia ameubeba kwa wa kushoto kama mtu aliyebeba mtoto mchanga.

“Pole kaka. Nini kimekupata?”

“Nimepigwa teke.”

“Na punda?”

Akacheka, kisha akakunja uso kwa maumivu ya kucheka. “Na injini, dokta.”

Watu humwita dokta kila anayevaa koti jeupe, nami nimeacha kuwasahihisha. Nikamuuliza anafanya kazi wapi. Akasema mwaloni. Basi mimi nikaona nimeshaelewa. Huku kwetu mwalo ni pale wachimbaji wanapooshea udongo wa dhahabu, na karibu yake hakukosi karasha la kusagia mawe linaloendeshwa na injini ya dizeli. Nikasema moyoni, huyu ameingiza mkono kwenye mkanda. Nikamfunga, nikampa pole, akaenda zake.

Hazikupita wiki nyingi akaja mwingine. Huyu alikuwa pande la mtu, shingo nene, mabega ya mbeba magunia. Mkono wa kulia. Kifundo cha mkono. Nilipoitazama picha yake nikarudi kwa mwenzangu wa eksirei nikamwomba anifungulie ya yule wa kwanza. Zilifanana kama mapacha. Mfupa ule wa upande wa dole gumba, pale karibu kabisa na kiganja, kipande kilikuwa kimekatika kwa mshazari, mahali pale pale. Mtu akianguka na kujishikiza kwa mkono huvunjika vingine. Akibanwa na mkanda wa mashine huvunjika vingine. Huu sikuufahamu.

“Na wewe umepigwa teke?” nikamuuliza.

“Umejuaje?”

“Unafanya kazi mwalo gani?”

“Wa samaki, dada. Ule wa ziwani.”

Hapo ndipo nilipojua kwamba tangu siku ya kwanza nilikuwa kwenye mwalo usio wenyewe. Watu wa ziwani nao huita mwalo pale wanapoegesha mitumbwi na kushusha samaki. Neno moja, sehemu mbili, na mimi ni mtu wa Mhunze, Kishapu, nchi ya pamba na ng'ombe, ambako maji mengi niliyoyaona utotoni ni ya lambo. Ziwa nililipita kwa kivuko tu, tena nikiwa nimefumba macho.

Yule pande la mtu akanieleza kuwa ni injini ya boti, ya kuwashwa kwa mkono. Ndiyo iliyomvunja mwenzake, na yeye ndiye aliyechukua nafasi ya mwenzake.

“Sasa injini inapigaje teke? Ina mguu?”

“Ina hasira,” akasema. “Ukiizungusha hivi, yenyewe inarudi hivi.” Akataka kunionyesha kwa mkono uliovunjika, nikamzuia.

Daktari wetu mmoja, mzee anayekaribia kustaafu, alipoziona zile picha mbili akatabasamu. Akasema hakuwa ameuona mvunjiko wa namna hiyo tangu alipokuwa mwanafunzi, na kwamba wazungu waliupa jina la madereva, kwa sababu zamani malori yalikuwa yakiwashwa kwa kuzungushwa hendeli kwa mbele, na madereva na matingo, wasaidizi wao, wakivunjika hivyo hivyo.

Nikawa nanawa mikono pale sinki, maji yanatiririka, nikajikuta nimesimama tu. Baba yangu alikuwa tingo wa lori ujanani mwake. Na kifundo cha mkono wake wa kulia kimepinda. Nimekua nikikiona kikichota ugali, kikishika fimbo ya ng'ombe, na sijawahi hata siku moja kuuliza.

Jioni ile nilipofika nyumbani Kalangalala nikampigia simu.

“Mwadila, baba,” nikamwamkia kwa Kisukuma.

“Mwadila, ng'wanawane. Kuna heri, mwanangu?”

“Heri tu. Nauliza, huo mkono wako ulipindishwa na nini?”

Nikamsikia akiihamishia simu sikio la pili.

“Miaka yote hii, leo ndiyo unauliza?”

“Nilidhani ulizaliwa nao.”

Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akanisimulia, kwa kile Kiswahili chake kinachochanganyika na Kisukuma kila anapofurahi. Alikuwa tingo kwenye lori la mfanyabiashara mmoja wa Kihindi pale Shinyanga, wakikusanya pamba vijijini na kuipeleka kwenye kiwanda cha kuchambulia. Betri ya lori ilikuwa imechoka, na kila asubuhi kazi ya kulizungusha ilikuwa yake. Asubuhi moja ya baridi likamrudishia.

“Mimi nilishika ile hendeli kama unavyoshika jembe,” akasema. “Vidole huku, dole gumba huku, nimelizungushia. Lile lori lilivyorudi nyuma, dole gumba ndilo lililonifunga, nikashindwa kuachia. Mkono ukaenda na chuma.”

“Kumbe ulitakiwa ushikeje?”

“Dole gumba linalala upande mmoja na wenzake. Kama ndoano. Ukishika hivyo, lori likirudi linakupokonya hendeli tu, linakwenda zake. Tena unavuta kuja juu, husukumi kwenda chini. Ukisukuma chini, uzito wako wote uko juu ya mkono. Hayo mzee wa Kihindi aliniambia baada ya kuvunjika. Angeniambia kabla ningeshukuru zaidi.”

“Na nani alikufunga?”

“Nani anifunge? Mganga wa mifupa wa kijijini, kwa vipande vya mianzi. Ndiyo maana kifundo umekiona kilivyo.”

Usiku huo nilikaa nikishika mwiko wa ugali kwa namna zote mbili, dole gumba likizunguka, dole gumba likilala. Mume wangu akaniuliza kama mwiko umevunjika.

Yule mgonjwa wa pili aliporudi kuangaliwa plasta, alikuja na mwenye boti. Nilimtarajia mwanamume, na pale mlangoni akasimama mama wa makamo, mrefu, kanga mbili kiunoni, uso wa mtu aliyezoea kupigwa na upepo. Boti ilikuwa yake mwenyewe. Mumewe shughuli zake ni za kununua ng'ombe huko minadani. Yeye huvusha ndizi, mkaa na abiria kutoka ng'ambo ya ghuba.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Wewe ndiye unayenifungia watu wangu?”

“Ndiye mimi.”

“Basi ununue plasta nyingine, hii injini itakumalizia yote. Wa tatu naye ameanza kuikataa. Anasema wenzake wamerogwa.”

“Na wewe unasemaje?”

Akanitazama kidogo. “Mimi nasema chuma hakirogwi. Lakini sijui kinataka nini.”

Nikamwambia habari za baba yangu na dole gumba. Akasikiliza bila kunikatiza, akiufungua na kuufunga mkono wake mwenyewe. Nilipomaliza akasema, “Njoo uione. Wewe ni mtu wa maswali, na mimi majibu yameniishia.”

Siku yangu ya mapumziko nikaenda. Mwalo ulikuwa na dagaa walioanikwa kwenye mchanga kila mahali, ikabidi nitafute pa kukanyaga. Mitumbwi mingi pale hutumia mashine za petroli zinazofungwa nyuma, za kuvuta kamba. Boti ya yule mama ilikuwa kubwa zaidi, ya mbao, na injini yake ya dizeli ilikuwa imefungwa humo humo ndani, chini ya kifuniko cha mbao. Alipokiondoa nilishangaa udogo wake. Nilitegemea dude la kutisha, kumbe ni kitu cha ukubwa wa ndama aliyelala: silinda moja, gurudumu zito la chuma kwa mbele, mabomba ya maji ya kuipoza kutoka ziwani, na juu kichwani kijiwiko kidogo kama kishikio cha mlango.

“Hiki ni cha nini?” nikauliza.

“Hiki ndicho rafiki yako,” akasema. “Kikiwa kimesimama, valvu inakaa wazi, hewa inatoka, injini inazunguka kirahisi. Unazungusha mpaka gurudumu lipate kasi. Kasi ikitosha, unakilaza kwa mkono wa kushoto. Valvu inafunga, hewa inabanwa, dizeli inawaka.”

“Na kama kasi haijatosha?”

“Hapo ndipo inapogoma. Au inapiga.”

Nikamwomba anieleze inavyopiga. Akachukua kijiti akachora kwenye mbao zilizolowa: pistoni inapanda, inabana hewa, na inatakiwa ifike juu kabisa ndipo moto uisukume kushuka upande wa pili. Moto ukiwahi, pistoni ikiwa bado inapanda na gurudumu halina nguvu ya kuivusha, inarudishwa ilikotoka. Gurudumu linageuka kinyume, na hendeli inageuka nalo.

Yule kijana wa tatu alikuwa amekaa kwenye ukingo wa boti akitutazama. Alikuwa mwembamba, mpole, na hofu yake haikujificha. Nikamwonyesha namna ya kushika: vidole vinne na dole gumba upande mmoja, kama ndoano. Nikamwonyesha kwenye mkono wangu pale mfupa unapokatika. Mama akakagua oili ya injini, akahakikisha gia haijaingia ili boti isije ikaruka na sisi, akafungua maji. Kijana akasimama pembeni ya gurudumu, miguu ameitanua, kichwa amekiweka mbali. Akaanza kuzungusha.

Mwanzoni ilikuwa ikisikika kama mtu anayepumua kwa mdomo. Kasi ikapanda. Mama akapaza sauti, “Laza!” Kijana akalaza kijiwiko.

Sikuona kilichotokea, nilisikia tu. Mlio mmoja mzito, kama mlango wa chuma uliobamizwa, kisha hendeli ikagonga mbao za boti na kuangukia majini. Kijana alikuwa amekaa chini. Nikamrukia nikamshika mkono kabla hata hajaanza kuulalamikia. Nikabonyeza ule mfupa, nikamzungusha kifundo, nikamwambia akunje vidole. Akavikunja. Akavikunjua.

“Inauma?”

“Hapana,” akasema, akiutazama mkono wake kama wa mtu mwingine. “Imeninyang'anya tu.”

Nilikaa chini pembeni yake. Mimi ndiye niliyemshawishi, kwa maneno ya mzee mmoja niliyoyasikia kwenye simu. Kama dole gumba lile lingesahau likazunguka, ningemfunga hogo mimi mwenyewe kesho yake. Mama alishuka majini na nguo zake, akapapasa kwa miguu, akaipata hendeli, akarudi nayo ikichuruzika.

“Sasa mkono umepona,” akasema, “lakini teke liko pale pale.”

Ni kweli. Tulikuwa tumejua namna ya kupigwa bila kuvunjika, na bado hatukujua kwa nini inapiga. Kasi ilikuwa ya kutosha, niliisikia. Basi nikafanya kitu pekee ninachojua kufanya na mgonjwa nisiyemwelewa. Nikamuuliza habari zake tangu mwanzo.

“Mama, hii injini umekuwa nayo muda mrefu?”

“Muda mrefu. Nimeinunua ikiwa imetumika.”

“Na imekuwa ikipiga tangu zamani?”

“Hapana. Zamani hata mimi nilikuwa naiwasha, tena nikiwa na mimba.”

“Imeanza lini?”

Akafikiri. “Baada ya kupanda mahindi. Kabla ya hapo ilikuwa mpole.”

“Kabla haijaanza kupiga, uliifanyia nini? Ilianguka? Ilizama? Kuna aliyeigusa?”

“Fundi tu. Pampu ya dizeli ilikuwa inavuja, nikamwita fundi mmoja mpita njia akaifungua, akabadilisha mpira, akafunga. Ikaacha kuvuja. Alifanya kazi nzuri.” Kisha akasema polepole, “Ila kulibaki kibati.”

“Kibati gani?”

“Kijibati chembamba kama karatasi, kina tundu. Kilikuwa chini ya pampu. Nikamwambia, fundi, umesahau hiki. Akasema hicho ni cha ziada, hakina kazi.”

Tukatazamana. Kijana naye akainuka pale alipokuwa amekaa.

Kwenye kopo la spana, chini kabisa, kati ya misumari na kamba za plastiki, kibati kilikuwepo. Mama akakipangusa kwa kanga, akakishika dhidi ya mwanga. Kisha akaanza kufikiri kwa sauti, na mimi nikawa namfuata kwa shida, nikimsimamisha kila hatua. Pampu inakaa juu ya vibati. Vikipungua, pampu inashuka. Ikishuka, kile kinachoisukuma kutoka chini kinaifikia mapema. Ikisukumwa mapema, dizeli inaingia mapema.

“Na moto unawahi,” nikasema.

“Na moto unawahi,” akasema. “Shetani mkubwa wewe,” akaiambia injini, lakini kwa upole.

Alilegeza pampu yeye mwenyewe, akifuta kila nati na kuiweka kwenye kifuniko kwa mpangilio wake. Nilimshikia kibakuli cha kukingia dizeli. Akarudisha kibati chini ya wenzake, akafunga, akapampu kwa kidole mpaka hewa yote ikatoka kwenye bomba. Kisha akamtazama kijana. Kijana akatazama chini. Hakumlazimisha. Akachukua hendeli, akatia grisi kidogo pale inapoingilia ili isinase, akasimama mwenyewe.

Dole gumba likalala. Akazungusha, mabega yake yakipanda na kushuka bila haraka, mpaka gurudumu likawa linavuma. Akalaza kijiwiko. Injini ikakohoa mara moja, ikakohoa tena, ikashika. Hendeli ikajitoa yenyewe mkononi mwake kama inavyotakiwa, akaivuta nje na kuiweka chini palepale. Akaniambia kwa kupaza sauti kwamba hendeli haiachwi kwenye injini hata kidogo, maana ikibaki inazunguka na mashine ni panga.

Ile sauti ya tu-tu-tu ikawaleta watu kutoka kwenye dagaa. Mwenye kuanika akaacha kuanika. Mama aliizima, akaiwasha tena, akaizima, akaiwasha, kama mtu anayempima mtoto aliyetoka homani. Haikupiga.

“Mama, na mimi nijaribu.”

“Wewe?”

“Nimewafunga wawili. Nataka kujua walikuwa wanafanya nini.”

Akacheka, akaizima, akanipa hendeli. Ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani na bado ya moto kutoka mkononi mwake. Mara ya kwanza nililaza kijiwiko mapema kwa woga. Injini ikapumua, ikasimama, na moyo wangu ukasimama nayo. Hakuna kilichorudi. “Usiionee huruma,” mama akasema. “Endelea mpaka yenyewe ianze kukuvuta.” Mara ya pili nikasubiri. Kuna mahali fulani, sikujua kama pangekuwepo, ambapo uzito unakwisha na gurudumu linaanza kukubeba wewe. Hapo nikalaza. Ikawaka kwa mkono wangu mwenyewe, hendeli ikajitoa, na mimi nikapiga kigelegele kama niko harusini. Watu wa dagaa wakanijibu.

Kijana akaja akanipokea hendeli bila kuambiwa. Akaizima, akaiwasha. Akarudia.

Mama akasema kwa kuwa nimekuja mpaka hapo, sitaondoka bila kuvuka. Nikakataa, kisha nikajikuta nimeshapanda. Safari hii sikufumba macho. Nilikaa karibu na injini kwa sababu ndicho kitu pekee nilichokifahamu katika maji yale yote, nikaona ubavuni mwa boti kitundu kinachotema maji kwa mapigo, na moshi mwepesi juu yake.

“Yale maji ni ya nini? Tunavuja?”

“Ni ya kupoza. Yanaingia baridi, yanatoka moto. Yakiacha kutoka, hapo ndipo uniulize kwa sauti hiyo.”

Nikatumbukiza vidole kwenye yale maji yaliyotoka. Yalikuwa vuguvugu, vuguvugu hasa, kama ya beseni langu. Nikamuuliza kama samaki hawayakimbii. Akasema hajawahi kuwauliza. Nikamuuliza boti inajuaje kurudi nyuma wakati injini inazunguka upande mmoja tu. Akaguna, akainua kifuniko cha gia, akaanza kunionyesha, na ng'ambo ilikuwa bado mbali, milima yake ya bluu, migomba ikianza tu kuonekana.